KOFIA YA PAMA NA MVUA: UKINYESHEWA, USIIKIMBIZIE MOTONI!

  Nyie mliolipia nusu saa tu hapo kafe poleni, manake leo nimeandika ndefu kidogo. Lakini vumilieni, kuna mtu itamwokolea kofia yake, na pengine itamwokolea na heshima kwa bibi yake kama ilivyotaka kunipotea mimi.

Mada ni kofia za felti. Namaanisha zile kofia ngumu kiasi, zina ukingo unaozunguka kichwa chote, zina bonde pale juu na utepe kiunoni. Wengi tunaziita pama. Wazee wa nyanda za juu hawaziachi, kuanzia Mbeya, Njombe, Makete mpaka kule Lushoto na Kilimanjaro. Siku hizi hata vijana tunazivaa, mtu anajipigia koti lake na pama anaonekana bonge la bosi wakati mfukoni ana jero. Hamna tabu, ujana ndiyo huo.

Tabu inaanza mvua ikinyesha.

KILICHONIKUTA

Mimi ni wa Tukuyu. Kwa wasiopajua, Tukuyu ni makao makuu ya wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, na ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Watu wa mikoa mingine wanajua masika na kiangazi. Sisi mwezi wa sita na wa saba, kipindi cha baridi, bado tuna ukungu na manyunyu, nguo unaianua mbichi kama ulivyoianika.

Babu yangu alikuwa na pama moja ya kijivu. Aliirudisha nayo kutoka Afrika Kusini miaka ya 1950. Wakati ule wanaume wengi wa Rungwe na Kyela walikuwa wanakwenda kwa mikataba kwenye migodi ya dhahabu kupitia shirika lililojulikana kama WENELA. Mtu alirudi na blanketi, sanduku la bati, koti, na akijaliwa, kofia. Babu alifariki mwaka 2019. Siku ya kugawa vitu vyake ukoo ukasema kofia apewe mjukuu mwenye jina lake. Ndiyo mimi huyo. Kidato cha nne nimemaliza mwaka mmoja nyuma, ajira hamna, ghafla namiliki kofia kubwa kuliko umri wa baba yangu.

Sasa Julai 2022 nikatoka nayo kwenda kwenye sherehe ya ndugu, kilomita kadhaa kwa miguu na bodaboda. Kurudi, mvua. Siyo manyunyu, mvua yenyewe. Nikafika nyumbani kofia inachuruzika maji, ukingo umelegea kama sikio la mbuzi. Nikaona isiwe tabu. Jiko la mkaa lilikuwa limekolea, bibi amebandika maharage. Nikapigilia msumari ukutani juu ya jiko, nikaitundika, nikaenda zangu kulala.

Asubuhi naivaa haiingii. Kwanza nilidhani natania. Nikaivuta, ikakaa juu ya utosi kama kifuniko cha chupa. Mkanda wa ngozi wa ndani umekuwa mgumu kama mfupa, ukingo umejikunja mawimbi mawimbi, na pale kwenye msumari pametokea nundu.

Bibi akaiangalia muda mrefu. Mnajua bibi zetu, mjukuu wa kiume anaitwa mume, ni utani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Siku hiyo utani haukuwepo. Akasema, "Mume wangu, hiyo kofia imenyeshewa miaka sitini haikufa. Mvua haijaiua. Umeiua wewe kwa moto."

Na kilichonikaba koo zaidi: zilikuwa zimebaki wiki mbili tu kufika ibada ya kumbukumbu ya babu, ambayo mimi ndiyo nilitakiwa niivae mbele ya ukoo.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

FELTI NI NINI HASA?

Nguo nyingi zinafumwa, yaani nyuzi zinapita huku na huku. Felti haifumwi wala haishonwi. Ni manyoya yaliyogandamizwa mpaka yakashikana yenyewe.

Inawezekanaje? Unywele wa mnyama ukiuangalia kwa hadubini una magamba madogo madogo, kama magamba ya samaki. Ukiyalowesha manyoya kwa maji ya moto na kuyasuguasugua, yanasogea, yanakumbatiana, na yale magamba yanayazuia kurudi yalikotoka. Kadiri unavyoendelea ndivyo kitambaa kinavyosinyaa na kuwa kizito. Kiwandani kofia inaanza kama koni kubwa laini kuliko kichwa cha mtu yeyote, halafu inasinyazwa kwa joto, maji na misukosuko mpaka ifikie saizi. Mwisho inavutwa kwa mvuke juu ya kalibu ya mbao ili ipate umbo la kichwa.

Umeona mantiki? Kofia yako imezaliwa kwa maji na joto. Ikilowa inalegea, inarudi kuwa tayari kubadilishwa umbo. Ukiipa na moto hapo hapo, unaendelea na kazi ya kiwanda, ila bila kalibu na bila fundi. Itajikunja inavyotaka yenyewe. Ndiyo maana bibi alikuwa sahihi japo hajawahi kuona kiwanda cha kofia maishani mwake.

Na mkanda wa ngozi wa ndani ndiyo mbaya zaidi. Ngozi mbichi ikikaushwa kwa moto inasinyaa na kukakamaa haraka kuliko felti, halafu inaivuta felti iifuate. Kofia nyingi zinazodaiwa "zimerudi" kosa lilianzia kwenye huo mkanda.

AINA MBILI, NA USIZICHANGANYE

Kwanza kuna felti ya sufu, yaani manyoya ya kondoo. Hii ni ya bei rahisi na ndiyo imejaa sokoni. Ni nzuri kwa baridi kavu. Kwa mvua ina udhaifu, inanywa maji haraka, inalegea haraka, na inasinyaa kirahisi.

Pili kuna felti ya manyoya laini, hasa ya sungura, na zile za ghali zaidi za biva, mnyama mmoja wa majini wa nchi za baridi anayejenga mabwawa kwa miti. Hapa hutumika yale manyoya mafupi ya chini yaliyo karibu na ngozi, siyo yale marefu ya juu. Ni membamba sana kwa hiyo yanashikana kwa ukaribu mno, na tone la maji linakaa juu kwanza kabla ya kuzama. Hii ndiyo felti ya mvua. Kampuni kama Borsalino ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1857 kwenye mji wa Alessandria, na Stetson ya Marekani ya mwaka 1865, zilijijengea jina kwa felti ya namna hii. Australia nako wana Akubra, wao wanatumia manyoya ya sungura.

Biva wenyewe walipata tabu kweli kweli. Ulaya waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, halafu biashara ikahamia Amerika Kaskazini, wakawindwa huko nako kwa karne kadhaa, sababu kubwa ni kofia. Na watengenezaji nao walilipa. Zamani manyoya ya sungura yalilainishwa kwa dawa yenye zebaki ili yashikane vizuri. Mafundi wakavuta ule mvuke, mikono ikawa inatetemeka, wengine akili zikayumba. Marekani walikuja kuacha kutumia zebaki kwenye felti za kofia mwaka 1941. Kwa hiyo hicho kitu kichwani mwako kina historia nzito, usikitupetupe.

Kuna aina ya tatu ambayo kwa kweli siyo felti halisi, ni ya plastiki, yaani poliesta. Kwa kuangalia inafanana. Haina mambo mengi, ila ikikunjika haitengenezeki vizuri kwa mvuke kama felti ya kweli.

KUCHAGUA MTUMBANI

Wengi wetu hatutanunua mpya dukani, tutakwenda mtumbani. Mimi uwanja wangu ni Mwanjelwa, Mbeya mjini. Mtumbani unaweza ukaokota felti ya sungura ya nguvu kwa bei ya sufu, kwa sababu muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui tofauti. Wewe ndiyo ujue. Fanya hivi:

1. Soma lebo ya ndani. Pindua mkanda wa ngozi uangalie na nyuma yake. Ukiona "wool felt" ni sufu. Ukiona "fur felt" ni manyoya laini. Kofia ikiwa imetoka Ujerumani, "Wollfilz" ni sufu na "Haarfilz" ni manyoya laini. Ya Kiitaliano ikiandikwa "lana" ni sufu, ikiandikwa "pelo" ni manyoya laini. Hayo maneno yakariri, ni mtaji.

2. Lebo ikiwa haipo, tumia vidole. Sufu inakwaruza kidogo, kama blanketi. Manyoya laini yanateleza kama sikio la sungura mwenyewe, na hata kofia ikiwa nyembamba inakuwa imekaza.

3. Muombe muuzaji udondoshe tone moja la maji upande wa chini wa ukingo. Likikaa kama shanga kwa muda, vizuri. Likizama papo hapo, hiyo ni kofia ya jua na baridi, siyo ya mvua. Angalizo: hata sufu iliyopuliziwa dawa inaweza kukaa na tone, kwa hiyo usitegemee kipimo hiki peke yake.

4. Inyanyue uangalie jua kupitia ndani. Vitundu kama vya sindano ni nondo. Kitundu kimoja siyo kesi, vikiwa vingi achana nayo, utaleta na mayai ya nondo kwenye sanduku lenye suti ya baba.

5. Kunja mkanda wa ngozi taratibu. Ukilia "kra" na kupasuka, jua ilishapigwa joto huko nyuma. Mkanda unaweza kubadilishwa, ila tumia hiyo kasoro kushusha bei.

6. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevunyevu, sugua sehemu iliyojificha. Rangi ikitoka, siku ya mvua itakushukia kwenye kola la shati. Nimeshaona bwana harusi mtarajiwa ana michirizi ya zambarau shingoni, we acha tu.

7. Angalia ukingo. Kwa mvua usinunue ule mwembamba wa vidole viwili. Tafuta sentimita 6 kwenda juu, ili maji yadondoke mbali na shingo na miwani.

SAIZI

Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso. Huna futi? Tumia uzi halafu upime kwa rula. Hizo sentimita ndiyo saizi yako. Sasa kasheshe lipo kwa Wamarekani na Waingereza wanaotumia namba zao. Sentimita 58 Marekani inaandikwa 7 1/4, Uingereza inaandikwa 7 1/8. Kofia mbili zenye namba moja lakini nchi tofauti hazitoshani! Kwa hiyo ipime kofia yenyewe kwa ndani, usiamini namba.

Ukikosa ya kukutosha kamili, chukua iliyokuzidi kidogo. Kubwa inarekebishika, unakunja ukanda wa karatasi au sponji nyembamba na kuuficha nyuma ya ule mkanda wa ngozi. Ndogo ni mateso, na ikinyeshewa itazidi kubana.

KUIKINGA KABLA HAIJANYESHEWA

Zipo dawa za kupulizia za kuzuia maji, zile za viatu vya ngozi ya suedi zenye silikoni. Zinafaa kwa felti pia. Piga brashi kwanza kutoa vumbi, jaribu sehemu ndogo chini ya ukingo uone kama rangi haibadiliki, halafu pulizia kwa mbali, tabaka jembamba, iache ikauke, rudia. Fanyia nje penye hewa, usivute ile harufu. Na haidumu milele, kila msimu wa mvua urudie.

MSIPAKE mafuta ya kupikia, Vaseline, wala kiwi ya viatu. Nimesikia hayo yote vijiweni. Mafuta yataingia kwenye manyoya hayatatoka tena, na vumbi litaganda humo.

Bodaboda: sheria inataka helmeti, dereva na abiria. Usivae pama juu ya pikipiki ukijifanya staa wa sinema, kwanza upepo utaichukua. Iweke kwenye begi, ndani yake jaza nguo laini ili isibonyee. Zamani tungeivalisha mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tafuta ile kofia ya bafuni ya akina dada ya kukingia nywele. Ivalishe pama yako. Watu watacheka, kofia itapona.

Ukiwa kwenye mvua yenyewe, inamisha ukingo wa mbele ushuke. Maji yatadondokea mbele yako badala ya kuingia mgongoni. Na lile bonde la juu linakusanya maji kama bakuli, kwa hiyo ukifika chini ya paa inamisha kichwa uyamwage taratibu kabla hujamsalimia mtu. Bibi anasema babu alifanya hivyo kila siku mpaka watu wakadhani ndiyo salamu yake.

IMESHALOWA. UFANYEJE?

Hapa ndipo moyo wa mada ulipo, soma mara mbili.

Kwanza, ivue kwa kushika ukingo kwa mikono miwili, mbele na nyuma. Usishike pale juu penye mbonyeo. Felti iliyolowa inachanika na kutoboka pale pale unapoibinya kila siku.

Pili, kung'uta maji taratibu, halafu gusagusa kwa taulo kavu. Usisugue. Kumbuka, kusugua kwenye maji ndiyo kutengeneza felti.

Tatu, rudisha umbo kwa mikono. Bonde lilikuwa wapi, lirudishe. Ukingo ulikuwaje, uweke hivyo. Itakavyokauka ndivyo itakavyobaki.

Nne, pindua ule mkanda wa ngozi utoke nje kama mfuko wa suruali, halafu simamisha kofia juu ya huo mkanda mezani. Hivyo ngozi inakauka peke yake, ukingo unaning'inia bila kugusa kitu. Usiilaze juu ya ukingo wake, utanyooka ubaki bapa kama sahani.

Tano, iache. Chumba cha kawaida, hewa inapita, hakuna jua kali, hakuna jiko, hakuna mashine ya kukaushia nywele, hakuna dashibodi ya gari. Kwa Tukuyu ya mwezi wa saba inaweza kuchukua siku mbili nzima. Ndiyo, siku mbili. Utavaa nini? Vaa kofia ya sufi, subiri.

Sita, ikishakauka kabisa, piga brashi laini. Matope nayo usiyaguse yakiwa mabichi, yasubiri yakauke, brashi itayatoa yenyewe. Anzia upande wa kushoto, zunguka kinyume na mwendo wa saa, ndiko vinyweleo vya kofia nyingi vinakolala. Kama kuna alama za jasho au mafuta na kofia ni ya rangi ya mwanga, nyunyizia sembe kavu, iache usiku kucha, kisha ipige brashi. Kwa kofia nyeusi usijaribu, utatoka kama mtu wa mashine ya kusaga.

KUHIFADHI

Siyo kwenye msumari. Narudia, siyo kwenye msumari. Ilaze kichwa chini miguu juu, yaani ikalie ule upande wa juu, ukingo uwe hewani. Ukipata boksi ni vizuri, lakini lisiwe limebanwa kabisa, huku kwetu unyevu ni mwingi na ukungu wa kijani haukawii. Kila wiki mbili itoe ipate hewa. Kwa nondo, naftalini mbili tatu ndani ya kitambaa, zisigusane na felti, na ziwe mbali na watoto, ni sumu.

JE, ILIYOKWISHA HARIBIKA INAPONA?

Turudi kwenye kofia ya babu.

Nilikwenda kwa fundi viatu mmoja mzee. Nikamwamkia, akapokea, akaipokea na kofia kwa mikono miwili. Akaizungusha kimya, kisha akauliza, "Umeikausha jikoni, sivyo?" Nikasema ndiyo mzee. Akacheka kwa kusikitika. Akasema felti yenyewe haijafa, kilichokufa ni ngozi, na ngozi ndiyo imeibana.

Akafumua mkanda uzi kwa uzi. Ulipotoka tu, kofia ikapumua, nikaona kwa macho. Akachemsha maji kwenye birika, akawa anaipitisha kofia kwenye mvuke, siyo kuichovya, mvuke tu, kidogo kidogo mpaka ikalainika. Halafu akatoa kitu ambacho sikutegemea: mpira mdogo wa watoto, ule namba 3, hauna upepo. Akauingiza ndani ya kofia, akaanza kuujaza kwa pampu ya baiskeli. Pampu mbili, anasubiri. Mvuke. Pampu mbili, anasubiri. Mimi jasho linanitoka nikidhani itapasuka. Akasema anayeharakisha ndiyo anayepasua. Akaiacha na mpira wake siku tatu.

Niliporudi alikuwa ameshashona mkanda mpya wa ngozi laini ya mbuzi. Akanipimia: sentimita 57. Babu alikuwa anavaa 58. Mimi kichwa changu ni 56 na nusu. Hela yake nilimlipa kwa awamu, na awamu ya mwisho aliikataa.

Nundu ya msumari iliondoka kwa mvuke. Ukingo upande wa kulia ulibaki na wimbi moja ambalo halikutoka mpaka leo. Siku ya ibada nikaivaa mpaka mlangoni, nikaivua kwa kushika ukingo kwa mikono miwili, nikaingia nayo. Bibi akaniangalia. Akaishika pale penye wimbi, akapapasa kwa kidole gumba. Halafu akasema, "Sasa hii ndiyo yako, mume wangu. Ile nyingine ilikuwa ya mwenyewe."

Utani ukawa umerudi.

Kwa ufupi wadau: kwa mvua tafuta felti ya manyoya laini, nunua inayokutosha au kuzidi kidogo, ipulizie dawa kabla ya msimu, na ikilowa ipe muda badala ya moto. Ukiwa na haraka nayo, ndiyo imekwisha.

Nawakilisha. Kama kuna mwenye utaalamu wake, hasa wadau wa Makete na Njombe ambao baridi yenu inatisha kuliko yetu, mwagikeni hapo chini. Na kama kofia yako ilishapikwa na jiko kama yangu, usione soo, sema tu. Tupo wengi.